Kutoka "Mguu Unaniuma" hadi "Ninaumwa Mguu": Historia ya Elimu ya Maumivu na Ushahidi wa Lugha



1. Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili aliyejikwaa ana njia mbili za kueleza yaliyompata. Anaweza kusema "mguu unaniuma", na anaweza pia kusema "ninaumwa mguu". Katika sentensi ya kwanza kiima ni mguu. Mguu ndio unaotenda, na mwenye mguu, aliyejificha katika kiambishi -ni-, ni mtendwa tu. Katika sentensi ya pili kauli ya kutendwa imemleta mtu mwanzoni, na mguu umesogea nyuma ukawa ni mahali pa tukio. Kitenzi chenyewe katika sentensi zote mbili ni kilekile tunachokitumia kwa mbwa na nyoka: kuuma.

Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba elimu ya mfumo wa neva, kwa muda wa takribani karne tatu na nusu, imefunga safari inayofanana na ile ya kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili. Ilianza kwa kuyaona maumivu kuwa ni kazi ya kiungo kilichojeruhiwa, kinachopeleka habari ubongoni kama mtu avutaye kamba ya kengele. Imefika mahali pa kuyaona kuwa ni hali ya mtu mzima, ambamo ubongo na ugwe wa uti wa mgongo huipokea habari hiyo, huipima, huikuza au huizima. Sidai kwamba sarufi yetu ilitabiri fiziolojia. Dai la namna hiyo lingekuwa mzaha. Hoja yangu ni nyingine. Katika kila hatua kubwa ya historia hii watafiti walilazimika kurudi kwenye maneno ya mgonjwa, na pale ambapo maneno hayo yalikosekana au hayakuaminiwa, elimu ilipotoka na watu wakateseka. Kwa sababu hiyo maumivu si mali ya matabibu peke yao. Ni suala la wanaisimu pia.

2. Mshipa: neno moja kwa vitu vingi

Kabla ya kuuliza jinsi maumivu yanavyosafiri, ilibidi kwanza ijulikane njia yanamopita. Hapo lugha za kale zilikuwa na utata ambao sisi tunaufahamu vizuri. Katika Kiswahili cha kila siku mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva. Na mshipa ni jina la maradhi ya ngiri. Kinachoviunganisha vitu hivi ni umbo la kamba, na neno lililo jirani, mshipi, ni ukanda wa kiunoni na vilevile uzi wa kuvulia samaki. Ndiyo maana waundaji wa istilahi walilazimika kuongeza maelezo, wakasema "mshipa wa damu" na "mshipa wa fahamu", na hatimaye wakakopa neno neva.

Wagiriki walikuwa na tatizo hilohilo. Neno lao neuron, ambalo ndilo asili ya istilahi za leo, lilimaanisha ukano, na pia uzi wa upinde. Aristotle alilitumia kwa kano, na kituo cha hisi alikiweka moyoni. Ilikuwa mjini Alexandria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ambapo Herophilus na Erasistratus, kwa kupasua maiti za watu, walizitenganisha neva na kano, wakaonyesha kwamba neva zinaungana na ubongo na ugwe wa mgongo. Katika karne ya 2 baada ya Kristo Galen alikata ugwe wa wanyama katika sehemu mbalimbali, akaona jinsi mwendo na hisi zinavyopotea chini ya mahali palipokatwa.

Urithi huo uliingia katika Kiarabu, na huko ukaongezewa. Galen alikuwa amefundisha kwamba maumivu husababishwa na kukatika kwa maungano ya mwili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikubali sababu hiyo, lakini akaongeza kwamba badiliko la ghafla la mizani ya mwili, yaani joto, baridi, ukavu na unyevu, laweza kuleta maumivu hata bila jeraha. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba katika kitabu chake cha Kanuni ya utabibu aliorodhesha aina 15 za maumivu, na alizipambanua kwa maneno: yapo yanayochoma, yanayotoboa, yanayobana, yanayovuta, yanayopigapiga, yaliyo mazito, na yanayokwenda pamoja na ganzi. Orodha hiyo haikutokana na upasuaji. Ilitokana na kusikiliza. Elimu ya jadi hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na dini na maandishi ya Kiarabu, na maneno tiba, tabibu na dawa ni sehemu ya mabaki yake katika lugha yetu.

3. Kamba na kengele

Picha iliyotawala fikra za Ulaya baadaye ilichorwa na Mfaransa René Descartes. Katika risala yake juu ya mwanadamu, iliyotolewa baada ya kifo chake, kwa Kilatini mwaka 1662 na kwa Kifaransa mwaka 1664, tunaonyeshwa mtu ambaye mguu wake umekaribia moto. Chembe za moto huigusa ngozi. Uzi mwembamba ndani ya neva huvutwa. Na huko juu, ubongoni, kitundu hufunguka. Descartes mwenyewe aliufananisha mwendo huo na mtu anayevuta kamba upande mmoja na kengele ikalia papo hapo upande wa pili.

Uzuri wa picha hii ulikuwa ni kwamba inaweza kuchunguzwa. Kama ipo kamba, tuitafute. Mwaka 1811 Charles Bell wa London alichapisha kijitabu kuhusu mizizi ya neva za mgongo, na mwaka 1822 François Magendie wa Paris akathibitisha kwa majaribio kwamba mizizi ya nyuma huleta hisi na ya mbele hupeleka mwendo. Johannes Müller wa Berlin akaongeza kanuni kwamba kila neva ina aina yake ya hisi: ukibonyeza jicho utaona mwanga, ingawa hapana taa. Mwishoni mwa karne ya 19 Max von Frey aliichunguza ngozi nukta kwa nukta, akitumia nywele za farasi za unene mbalimbali. Alipata nukta zinazohisi mguso na nukta nyingine zinazohisi maumivu, na hizi za pili akazihusisha na ncha tupu za neva. Mwenzake Alfred Goldscheider hakuridhika. Yeye alishikilia kwamba maumivu yanaweza kutokea pale mguso wa kawaida unapolimbikizana ndani ya ugwe wa mgongo. Mabishano ya watu hawa wawili yaliendelea, kwa sura moja au nyingine, kwa miaka 70.

Mwaka 1906 Charles Sherrington, katika kitabu chake kuhusu kazi ya mfumo wa neva ya kuunganisha mwili, alifanya jambo ambalo mwanaistilahi yeyote atalithamini: alitenganisha dhana mbili kwa kuzipa majina mawili. Kipokezi cha ngozini alikipa jina linalotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kudhuru. Kwa Kiswahili tunaweza kukiita kipokezi cha madhara, au nosisepta. Kipokezi hicho hakipokei maumivu. Hupokea habari ya kitu kinachodhuru au kinachokaribia kudhuru. Maumivu ni jambo jingine, linalotokea baadaye, na pengine lisitokee kabisa. Chura aliyeondolewa ubongo bado huuvuta mguu wake unapochomwa. Habari ya madhara imepita, lakini hapana anayeumwa.

4. Nyuzi mbili, maumivu mawili

Kazi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa kuzisikiliza neva zenyewe. Nasema kuzisikiliza kwa maana halisi. Edgar Adrian wa Cambridge alikuza ishara ndogo za umeme wa neva kwa vyombo vya aina ileile iliyotumika katika redio, akaziunganisha na spika, na misukumo ya neva ikasikika kwa masikio. Msemaji wa Kiswahili hashangai sana, kwa kuwa yeye husema "nasikia maumivu" kama anavyosema "nasikia baridi". Joseph Erlanger na Herbert Gasser wa Marekani, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1944, walionyesha kwamba ndani ya neva moja zimo nyuzi za unene tofauti, na kwamba kadiri uzi unavyokuwa mnene ndivyo ishara inavyokwenda kasi.

Nyuzi zinazoleta habari za madhara ni za aina mbili. Za kwanza ni nyembamba lakini zimevikwa ala ya mafuta, na hupitisha ishara kwa kasi ya kati ya mita 5 na 30 kwa sekunde. Za pili ni nyembamba zaidi na hazina ala. Kasi yake ni kati ya nusu mita na mita 2 tu kwa sekunde. Tuseme umbali kutoka kidole cha mguu hadi ugwe wa mgongo ni mita 1. Ishara ya uzi wa kwanza, ikienda mita 20 kwa sekunde, hufika katika sehemu ya 20 ya sekunde. Ile ya uzi wa pili huchukua sekunde nzima. Kila aliyegonga kidole cha mguu kwenye kizingiti anaijua tofauti hiyo. Kwanza huja mchomo mkali ulio na mahali pake mahususi, na mtu huuvuta mguu kabla hajafikiri. Kisha, baada ya kitambo kidogo, huja maumivu mazito yanayosambaa na kukaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Edward Perl na wenzake wa Marekani walirekodi uzi mmoja mmoja wa aina hizi katika wanyama, na wakathibitisha kwamba vipokezi mahususi vya madhara vipo kweli. Katika sehemu hii ya mabishano von Frey alikuwa ameshinda.

5. Simba wa Mabotsa

Lakini picha ya kamba ilikuwa na ufa tangu mwanzo, na Descartes mwenyewe aliuona. Mwaka 1644 aliandika habari za msichana aliyekatwa mkono ambaye bado alilalamika kuumwa vidole asivyokuwa navyo. Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, ndiye aliyekieneza kisa cha viungo kama hivyo, vinavyouma ilhali havipo, kwa jina la viungo mizuka. Hapo kengele inalia bila ya mtu kuvuta kamba.

Yapo pia matukio ya kinyume chake, na moja linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1844, huko Mabotsa katika nchi ambayo leo ni Afrika ya Kusini, mmisionari David Livingstone alikamatwa na simba aliyemtikisa na kuuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto, karibu na bega. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 alieleza kwamba wakati ule hakusikia maumivu wala hofu. Alikuwa kama mtu aliye katika njozi, ingawa alijua kila kilichokuwa kikitendeka. Mfupa huo haukuunga vizuri. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Chuma na Susi na wenzao waliichukua maiti hadi Bagamoyo, na mwaka 1874 mjini London alitambuliwa kwa alama ya mfupa ule. Jeraha lilikuwa la kweli kiasi cha kusoma utambulisho wa maiti baada ya miaka 30. Maumivu yake, katika dakika ile, hayakuwapo.

Kisa kimoja hakitoshi kuwa hoja. Daktari Henry Beecher, aliyewahudumia wanajeshi wa Marekani nchini Italia katika Vita vya Pili vya Dunia, aliwauliza zaidi ya majeruhi 200 wenye majeraha makubwa kama walihitaji dawa ya maumivu. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1946 ni kwamba takribani robo tatu hawakuihitaji. Watu hawa hawakuwa na ganzi, kwani walilalamika wakichomwa sindano vibaya. Beecher alifikiri kwamba kwa mwanajeshi jeraha lilikuwa na maana ya kuondoka vitani akiwa hai, ilhali kwa raia jeraha dogo kuliko hilo ni mwanzo wa balaa.

Mwaka 1965 Ronald Melzack, mzaliwa wa Kanada, na Patrick Wall, Mwingereza, walichapisha nadharia iliyoupa ufa huo nafasi ndani ya elimu. Walisema kwamba katika pembe ya nyuma ya ugwe wa mgongo lipo lango. Nyuzi nyembamba za madhara hulifungua. Nyuzi nene za mguso hulifunga. Na ubongo nao huteremsha amri zake kulifungua au kulifunga. Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini mtoto aliyeanguka hutulia mama anapomsugua, na kwa nini kukanda kunatuliza kabla ya dawa yoyote kufika. Baadhi ya michoro ya nadharia hiyo imesahihishwa baadaye, lakini kiini chake, yaani kwamba habari ya madhara huhukumiwa njiani kabla haijafika, kimebaki.

Ushahidi wa amri zinazoteremka ulifuata upesi. Mwaka 1973 maabara tatu, mbili za Marekani na moja ya Sweden, zilitangaza kwamba ubongo una vipokezi ambavyo mofini, inayotokana na afyuni, hushikamana navyo. Kwa nini ubongo wa binadamu uwe na kufuli inayofunguliwa na utomvu wa ua? Jibu lilitolewa mwaka 1975 mjini Aberdeen na John Hughes na Hans Kosterlitz: mwili hutengeneza dawa yake wenyewe, enkefalini. Mwaka 1978 wagonjwa waliong'olewa meno walipewa dawa bandia, na baadhi yao wakapata nafuu; walipopewa kemikali inayovizuia vipokezi vya mofini, nafuu hiyo ilipungua. Imani ya mgonjwa, kumbe, ilikuwa na kemia yake.

Hata hivyo mfumo unaoweza kuzima unaweza pia kukuza. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwamba baada ya jeraha seli za ugwe wa mgongo hubadilika zikawa nyepesi kushtuka, hata mguso mdogo ukapokewa kama madhara. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa mgonjwa wa maumivu sugu methali hiyo inafaa kusomwa neno kwa neno. Kidonda kimefunga na picha ya eksirei haionyeshi kitu, lakini ugwe wake unashtuka kila unapoguswa ung'ongo. Mtu huyu haigizi.

6. Kamusi ya maumivu

Nimefika mahali ambapo historia hii inaingia moja kwa moja katika taaluma yetu. Melzack aligundua kwamba madaktari waliwauliza wagonjwa swali moja tu, nalo ni la kiasi: yanauma sana au kidogo? Mwaka 1971 yeye na Warren Torgerson walikusanya maneno 102 ya Kiingereza yanayoeleza maumivu, wakawaomba watu wayapange. Maneno yaliangukia katika makundi makubwa matatu: yanayoeleza hisi, yanayoeleza mguso wa moyo, na yanayotoa tathmini. Hojaji iliyozaliwa na kazi hiyo mwaka 1975, ya Chuo Kikuu cha McGill, ina maneno 78 katika vikundi 20, na imetumika katika nchi nyingi. Maneno, ambayo sayansi ilikuwa imeyaona kuwa ni kelele za mgonjwa, yakawa data.

Sasa tuitazame lugha yetu kwa jicho hilo. Jipu linapwita. Tumbo linasokota, linakata au linakeketa. Kifua kinabana. Kichwa kinagonga au kinapasuka. Koo linakereketa. Kidonda kinachoma. Mguu unawaka moto. Mtu akisema ana kichomi tunajua kwamba ni ubavuni, na akisema ana kiungulia tunajua kwamba si moyo wala ini. Haya si mapambo ya usemi. Mgonjwa wa kisukari anayesema nyayo zinawaka moto na wakati huohuo zimekufa ganzi amempa mganga wake habari ya neva zilizoharibika, kwa usahihi ambao namba 7 kati ya 10 haiwezi kuutoa.

Tuchukue kitenzi kuwasha. Tunawasha moto, tunawasha taa, na tunasema pilipili inawasha. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California iliitambua protini iliyomo katika ncha za neva, inayofunguka inapoguswa na kapsaisini, kemikali ya ukali wa pilipili. Protini hiyohiyo hufunguka joto linapozidi takribani nyuzi 43. Ulimi uliopakwa pilipili na ulimi uliounguzwa na chai hupeleka habari kupitia mlango mmoja. Kazi hiyo ilimpatia Julius Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian aliyegundua protini za mguso. Kiswahili, kama lugha nyingine nyingi, kilikuwa kimeweka moto na pilipili katika kitenzi kimoja kwa sababu wasemaji wake walisikia kitu kimoja.

Lakini tusiifanye lugha kuwa mtume. Kitenzi hichohicho kinatumika kwa upele na kwa kuumwa na mbu: ngozi inawasha. Hapo lugha imeunganisha kitu ambacho elimu imekitenganisha. Kwa muda mrefu wataalamu nao walidhani kwamba mwasho ni maumivu madogo. Mwaka huohuo wa 1997 watafiti wa Ujerumani walirekodi kwa binadamu nyuzi zinazoitikia mwasho kwa njia yake wenyewe. Ushahidi wa lugha unapaswa kuhojiwa kama ushahidi mwingine wowote.

Neno la pili linalostahili kuzingatiwa ni uchungu. Uchungu ni ladha ya shubiri. Ni maumivu ya mama anayejifungua. Ni huzuni ya mfiwa. Na ni hasira ya mtu anayeipenda nchi yake. Maumivu yanatokana na kitenzi kuuma, na mizizi yake iko mwilini. Uchungu unaegemea upande wa jinsi jambo linavyomkalia mtu. Mpaka baina ya maneno haya si ukuta, kwani husemwa pia "maumivu ya moyo". Hata hivyo tofauti ya namna hii ndiyo ambayo Melzack na Kenneth Casey waliiwekea nadharia mwaka 1968, walipotenga upande wa hisi na upande wa mguso wa moyo katika maumivu. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake nchini Kanada waliwapa watu maelekezo wakiwa chini ya hipnosia ili kero ya maumivu izidi au ipungue bila joto lililowekwa mkononi kubadilika. Sehemu moja ya ndani ya ubongo ilifuata kero. Gamba la ubongo linalopokea hisi za mwili halikubadilika kwa namna hiyo. Mtu anaweza, kwa maneno mengine, kubaki na maumivu na kupunguziwa uchungu.

7. Wasiosema na wasiosikilizwa

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu ya mwingine tunayajua kwa kuambiwa, na hapo ndipo hatari ilipo: asiyeweza kusema huhesabiwa kuwa haumwi. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga, hususan waliozaliwa kabla ya wakati, walifanyiwa upasuaji katika nchi zenye hospitali bora kabisa duniani wakiwa na dawa kidogo sana za maumivu, kwa hoja kwamba mfumo wao wa neva haujakomaa. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake waliokuwa Oxford walichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba watoto waliopewa dawa kamili ya maumivu walikuwa na msukosuko mdogo wa mwili na matatizo machache baada ya upasuaji. Miili ilikuwa imesema. Ilikosa wa kuisikiliza.

Kwetu upo ukimya wa aina nyingine, unaofundishwa. Katika jando kijana huelekezwa kutolia, na katika jamii nyingi mwanamke anayejifungua huhimizwa kujikaza. Siyapuuzi mafunzo hayo. Uvumilivu ni utu, na ubongo unaoteremsha amri ya kuvumilia ni jambo ambalo nadharia ya lango inalitambua. Lakini mganga anayeusoma ukimya huo kana kwamba ni kukosa maumivu amekosea tafsiri.

Kisha wapo wanaosema na wasipate. Sheria za dawa zimeiogopa afyuni kwa sababu zinazoeleweka. Kiswahili chenyewe kinaiita kasumba, na kutoka hapo tumepata kasumba ya fikra za kikoloni, yaani kitu kinacholevya na kumtia mtu utumwani. Lakini Mkataba wa Kimataifa wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, pamoja na kuziwekea dawa hizo udhibiti mkali, unatamka kwamba matumizi yake katika tiba ni ya lazima kwa ajili ya kupunguza maumivu. Sehemu ya kwanza ya mkataba huo imetekelezwa kuliko ya pili. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1.

Mfano wa kutia moyo uko karibu nasi. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha nchini Uganda huduma ya wagonjwa mahututi ambamo unga wa mofini ulichanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa ya bei nafuu. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo. Teknolojia yake ni chupa, maji na muuguzi anayekwenda nyumbani kwa mgonjwa, akaketi, na kumuuliza: unaumwaje?

Nalitaja swali hilo makusudi, maana jibu lake ni matini ya Kiswahili. Si kila atakayeulizwa atajibu kwa lahaja ileile, wala hatatumia maneno ya hojaji iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Ukitafsiri maneno 78 ya McGill utapata maneno 78 ya Kiingereza yaliyovaa kanzu. Kazi inayotakiwa ni ile ya mwaka 1971, ifanywe kwetu tangu mwanzo: kuyakusanya maneno kutoka kwa wagonjwa wa Tanga, Lamu, Kigoma na Bukavu, kuwaomba wenyewe wayapange, na kisha kuyarudisha wodini.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba elimu ya maumivu ilianza na kiungo na kufika kwa mtu. Kamba ya Descartes ipo. Tumeipima unene na kasi yake, na tunazijua baadhi ya protini za ncha zake. Lakini kamba hiyo inaingia katika lango, lango lina walinzi, na walinzi wana historia yao, hofu zao na matumaini yao. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kiliporekebisha fasili yake mwaka 2020 kiliyaweka mambo matatu wazi: kwamba maumivu na habari ya madhara si kitu kimoja, kwamba kauli ya mtu anayesema anaumwa yapasa kuheshimiwa, na kwamba kushindwa kusema si ushahidi wa kutoumwa.

Mambo ya pili na ya tatu ni mambo ya lugha. Kuheshimu kauli kunataka kwanza kuielewa kauli, na hiyo ndiyo kazi ambayo idara zetu za Kiswahili zilianzishwa kuifanya. Tumeandika kamusi za biolojia na za tiba kwa kuangalia istilahi za wataalamu. Imebaki kuandika ile itakayoanza na mgonjwa.